Koki ya Njia Moja

Maji yalirudi alfajiri kama kawaida yake, na kama kawaida bomba la kinyozi likaanza kwa kukohoa. Likakohoa, likatema hewa, likatema kutu kidogo, likanyamaza. Kinyozi alikuwa ameshaweka ndoo chini, mkono mmoja kwenye koki, mwingine umeshika wembe. Mteja wa kwanza alikuwa kwenye kiti, povu limemfunika kidevu kizima.

Hapo bomba likacheka.

Lilicheka kicheko cha msichana, kirefu, chenye pumzi, kinapanda halafu kinajikwaa, na mwishoni kikakoroma kidogo kama gari lililogoma kuwaka. Halafu maji yakatoka, safi kabisa.

"Presha hiyo," mteja akasema.

"Presha gani inakoroma? Nitamwita fundi," kinyozi akasema, akaendelea kunyoa, maana povu likikauka linawasha.

Fundi bomba wa mtaa ule walimwita Fundi Kaza. Jina alipewa na wateja, kwa sababu akiwa amelala chali chini ya sinki alikuwa anajisemesha mwenyewe: kaza, kaza kidogo, haya kaza tena. Alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Mabomba ya shule kafunga yeye, ya zahanati yeye, ya vyoo vya sokoni yeye, na hakuna lililowahi kuvuja. Kitu kinachovuja kilimkera hadi hamu ya kula inamtoka.

Alikuja na sanduku lake, akafunga koki, akafungua. Kipande cha kicheko kilichobaki kikatoka.

"Hewa," akasema.

"Hewa inacheka?"

"Ikipita kwenye kona mbaya."

"Kona si ulizifunga wewe?"

Fundi Kaza alimtazama. "Kona zangu nzuri."

"Mi naona ni binti yako huyo," kinyozi akasema. "Alipokuwa mdogo nilikuwa namnyoa hapa. Alikuwa anakoroma hivyohivyo mwishoni."

"Binti yangu hacheki," Fundi Kaza akasema, bila hasira, kama mtu anayesema binti yake hali samaki.

Na alikuwa anasema kweli. Nyumbani kwake hakuna aliyekuwa anacheka, na si kwamba watu walikuwa na huzuni, ni utaratibu tu. Wakati wa kula watu wanakula. Milango ya vyumba haifungwi. Ukiitwa unaitika mara ya kwanza. Ukiulizwa unajibu "ndiyo baba", na kama jibu si ndiyo, basi swali hukulielewa. Simu ya binti ilikaa kwenye sanduku la vifaa, kati ya spana kubwa na msumeno, na ilitoka Jumapili kwa muda mfupi ili isisahau kazi yake. Marafiki hawaji, kwa sababu wakija watakaa, na wakikaa wataongea. Fundi Kaza hakuwahi kumpiga mtoto, na jambo hilo alilitaja kwa fahari kila alipopata nafasi. "Mi mkono wangu haujamgusa," alikuwa anasema. "Namkaza tu."

Majirani walimsifia sana. Mtoto katulia yule, walisema. Na kweli alitulia. Alitulia hadi akigonga kiti anakiomba radhi kiti. Akitaka chumvi mezani alikuwa anaipanga sentensi kichwani, anaipima, anabadilisha neno hili, anatoa lile, na ikiwa tayari watu wameshanawa mikono. Kucha alizitafuna zikaisha, akahamia kwenye vifuniko vya kalamu. Tumbo lilimuuma kila baba yake alipozima pikipiki nje, na lilipona pikipiki ikiwashwa kuondoka. Mama yake, ambaye alikuwa anapiga pasi kwa dobi na alikuwa haongei sana, alimpeleka zahanati. Nesi akalibonyeza tumbo huku na huku. "Hamna kitu hapa," akasema. "Mtoto mzuri. Katulia."

Mlango pekee uliokuwa unafungwa nyumba nzima ulikuwa wa bafuni.

Sasa, mtaani pale maji yalikuwa yanakatika mchana na kurudi alfajiri. Mchana bomba linabaki tupu na linavuta hewa. Ukiziba mdomo wake kwa kiganja unasikia kinanyonywa. Siku moja mwalimu wa hesabu alikalia kipande cha chaki, akatembea na mstari mweupe nyuma kipindi kizima akifundisha mistari. Binti alikibana kicheko darasani, akakibana njia nzima, akaingia nacho nyumbani kimeshamfika kooni. Akajifungia bafuni, akafungua koki ya sinki, akaweka mdomo kwenye bomba, akakiachia humo. Bomba likakivuta chote. Nyumba haikusikia kitu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya mchana. Vicheko kwanza. Halafu nyimbo. Halafu manung'uniko, halafu majibu yote aliyopaswa kumjibu baba yake na hakuyajibu. Na mwisho kabisa sentensi moja aliyokuwa anaifanyia mazoezi kila siku: "Baba, naomba niende mahafali ya darasa letu Jumamosi."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake hasa. Shule ilikuwa inaisha. Jumamosi ile darasa linaagana, kutakuwa na muziki na soda, na baada ya hapo kila mtu na njia yake. Rafiki yake mmoja tu, msichana mwenzake ambaye darasa lilimwita Kijiko kwa jinsi alivyokuwa mwembamba na kichwa cha mviringo, alikuwa anahama na familia yake mbali kabisa, Jumapili asubuhi. Binti alikuwa anataka kwenda. Hakuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu hivyo. Kwenye bomba sentensi ilitoka vizuri. Mezani haikutoka.

Fundi Kaza akabadilisha washa, ule mpira mdogo wa ndani ya koki, kwenye bomba la kinyozi, akazungushia tepu nyeupe, akakaza. Kesho yake kicheko kikahamia zahanati. Nesi hakumwita mtu. Alilivuta benchi la wagonjwa wa presha akaliweka karibu na sinki. Fundi akapita akakaza na pale; kikahamia kwa mshona viatu. Bomba la sokoni lenyewe lilipata manung'uniko. "Sikuvunja mimi, amevunja paka," lilimwambia muuza nyanya alipokuwa anaosha nyanya zake.

"Pole mwanangu," muuza nyanya akasema. "Paka ndivyo walivyo."

Kinyozi ndiye aliyelalamika. "Fundi, nirudishie kicheko changu. Wateja wote wa asubuhi wameenda kunyolewa karibu na mshona viatu."

Lakini Fundi Kaza alikuwa ameshaanza kutafuta chanzo. Fundi mzuri hazibi tu, anafuata. Alifuata bomba kubwa kwa sikio, anapiga magoti, anasikiliza, anasimama, anajipangusa, anasogea mbele. Kutoka zahanati, kupita shule, kupita soko, hadi akajikuta amepiga magoti mbele ya geti lake mwenyewe. Alikaa pale muda. Mtu wa kupita akamuuliza, "Fundi, umepoteza kitu?" Akasema hapana. Aliona aibu, maana nyumba iliyokuwa inavuja mtaa mzima ilikuwa ya fundi.

Hakumwambia binti neno. Hakuna fundi anayeongea na kitu kinachovuja. Alienda dukani, akarudi na koki ya njia moja, ile ya shaba yenye kimshale pembeni, inayoruhusu kitu kuingia na haikiruhusu kutoka. Akaifunga pale getini, kimshale kinatazama ndani. Akakaza.

Siku ya kwanza mtaa ulikuwa kimya, na watu walinyoa ndevu kwa huzuni kidogo.

Siku zilizofuata nyumba ikaanza kujaa. Sinki la jikoni likapata kwikwi. Tangi la choo likajaa nyimbo, na ukilivuta linaimba beti mbili kabla ya kushusha maji. Kuta zilikuwa zinanguruma taratibu kama tumbo la mtu aliyekosa chakula cha mchana. Binti naye akaanza kujaa. Mashavu yalivimba, shingo ikanenepa, sare ikambana. Jioni moja mezani kifungo cha juu kikaruka, kikagonga jagi la maji, ting, kikaanguka kwenye mboga. Kikafuata cha pili. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu wakati wa kula watu wanakula. Mama alikitoa kijiko chake, akaokota vifungo, akaviweka pembeni ya sahani. Usiku huohuo akavishona tena, kwa uzi mara mbili.

Fundi Kaza ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alibandika sikio ukutani, akafumba macho. Mkewe alikuwa amesimama na pasi mkononi.

"Hili bomba linateseka," Fundi akasema, na machoni mwake kulikuwa na huruma ya kweli. "Sikiliza. Sikiliza linavyolia."

"Nasikia," mkewe akasema.

"Kosa langu. Huwezi ukaziba kitu kila upande, mke wangu. Kitapasuka. Kitu chochote kile, hata kiwe kigumu vipi, lazima kiwe na pa kupumulia."

Mkewe aliiweka pasi chini. Akamtazama. Akaendelea kumtazama, akisubiri mume wake asikie mwenyewe alichosema. Binti alikuwa amekaa hapohapo kwenye kiti, ameshikilia kifungo cha juu kwa vidole viwili kisiruke tena.

"Basi," Fundi Kaza akasema, akainuka kuchukua spana.

Alienda getini, akailegeza koki ya njia moja, akaitoa. Akalipigapiga bomba mgongoni kama mtu anavyomfanyia mtoto aliyepaliwa. "Pole," akaliambia. "Pole sana. Nilizidisha."

Alfajiri maji yaliporudi, mtaa mzima uliamka na vicheko. Kila bomba lilipata lake, hata yale yaliyokuwa mabovu, hata moja lililokuwa limebaki ukutani kwenye nyumba isiyo na watu. Yalicheka hadi mbwa wakakaa chini kusikiliza. Na vicheko vilipokwisha ikatoka ile sentensi, maana ndiyo iliyosemwa mara nyingi kuliko zote na ilikuwa imejaza bomba hadi mwisho. Iliingia kwenye ndoo. Ilikaa kwenye maji. Ukimimina, inasema. Ukichemsha, inasema kwa haraka.

Watu wakaanza kufika kwa Fundi Kaza na ndoo zao. Kinyozi alitangulia.

"Fundi, hodi. Nimekuletea mzigo wako."

"Mzigo gani?"

Kinyozi akainamisha ndoo kidogo. Baba, naomba niende mahafali ya darasa letu Jumamosi, maji yakasema.

"Na mimi ninayo madumu," mshona viatu akasema.

"Mwenzenu hata sijawahi kuzaa," muuza nyanya akasema, "na leo uji wangu umeniita baba. Mruhusu mtoto, bwana. Tunywe chai kwa amani."

Fundi Kaza alisimama mlangoni kwa heshima, shati limechomekewa. Hakukasirika. Mtu mwenye utaratibu hana haja ya kukasirika.

"Jamani, mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini mwenyewe hajaniomba. Mnaniomba nyie, inaniomba ndoo. Kama ana jambo na aje aseme kwa mdomo wake. Binti!"

"Abee baba," ilisikika kwa mbali, nyembamba kama uzi.

Binti akaja, akasimama katikati ya baba na ndoo. Mwili ulikuwa umerudi saizi yake, sare iliyokuwa imetanuka inampwaya sasa. Mtaa mzima ukamtazama. Akafungua mdomo. Ikatoka hewa kidogo, halafu kikohozi, halafu basi. Sauti yote ilikuwa kwenye ndoo.

Fundi Kaza alimpa muda. Alisubiri kwa haki kabisa, mikono nyuma. "Mnaona?" akawaambia watu. "Hana ombi."

Mama alitoka ndani na kikombe cha plastiki. Alipita mbele ya mumewe, akainama, akachota kwenye ndoo ya kinyozi kikombe kimejaa pomoni, akampa binti yake. Binti akanywa. Akanywa chote, akapumua, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono.

"Baba," akasema, na sauti ilitoka nzima, hadi wa nyuma wakasikia, "naomba niende mahafali ya darasa letu Jumamosi." Na mwishoni, kwa woga tu, akakoroma kidogo.

Muuza nyanya alikuwa ameshika kifua.

Fundi Kaza alifurahi. Ilionekana wazi usoni kuwa amefurahi. "Umeomba vizuri," akasema. "Sauti imetoka, maneno yamepangika, mkono haukuchezacheza. Hivyo ndivyo mtoto anavyoomba."

"Asante baba."

"Hapana. Huendi."

"Ndiyo baba."

Watu waliokota ndoo zao. Nyingine zilikuwa bado zinaomba, lakini ndiyo hivyo, maji ni maji, kuna vyombo vya kuosha.

Mchana ule maji yalipokatika, kinyozi alisahau kufunga koki yake. Alikuwa anafagia nywele mara akasikia mtu anavuta kamasi. Akaangalia kiti, hakuna mtu. Akainama kwenye bomba.

"Binti?"

"Abee."

"Ni wewe?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe koki ya huku na ya huko zikiwa wazi tunasikiana mubashara! Unalia?"

"Namalizia."

"Malizia tu, mi nafagia." Kinyozi akafagia kidogo. Halafu akaegemea fagio. "Shuleni kwenu si kuna masinki?"

"Yapo. Nje ya ukumbi, yamepangwa mstari."

"Aliyafunga nani?"

"Baba."

"Basi yatasikika vizuri," kinyozi akasema.

Jioni Kijiko alipita kupunguza nywele kwa ajili ya mahafali. Kinyozi akamweleza wakati anamzungushia kitambaa shingoni. Kijiko hakuuliza maswali. Alisema tu, "Nifungue yote au moja?"

"Yote. Sauti itawanyike."

Jumamosi mchana maji yalikatika kwa wakati wake. Ukumbini walikuwa wameshapanga spika na soda, mwalimu wa hesabu amevaa suti. Kijiko alitoka nje na kichwa chake kipya, akafungua koki za masinki yote, moja baada ya nyingine, akainama kwenye la kwanza.

"Upo?"

"Nipo," masinki yakasema. "Subiri nikae vizuri. Nimekaa juu ya ndoo."

Darasa likahamia nje. Waliburuta spika hadi mlangoni ili na binti asikie muziki, na wakati wa hotuba wakakausha kimya, yeye ndiye akawa anawasemea pembeni kila kitu walichokuwa wanaogopa kukisema. Alimwigiza mwalimu mkuu. Alimwigiza mlinzi wa geti na redio yake. Alisimulia ile ya chaki, yote, na mistari, na kipindi kizima. Watu walishikilia kingo za sinki wasianguke. Mwalimu wa hesabu akaja na suti yake, uso umekunjwa.

"Nani kaacha mabomba wazi?"

"Mimi, mwalimu," Kijiko akasema.

Mwalimu akasikiliza. Akajishika nyuma ya suruali, akajikagua. "Fungeni," akasema. Halafu alipokuwa anaondoka akageuka. "Fungeni hayo. Hilo la mwisho liacheni."

Likabaki hilo la mwisho, wakalizunguka. Kijiko alicheza naye muziki wote uliobaki, amekumbatia bomba kwa mkono mmoja. Walipochoka wakaongea mambo yao wawili kwa sauti ya chini, ya kuhama, ya nani ataandika kwanza, na wengine walijifanya hawasikii.

Nyumbani, Fundi Kaza alikuwa sebuleni na gazeti, viatu vimepangwa mlangoni, saa inagonga taratibu. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati, akakunja la pili, akaliacha nusu.

"Nakwenda kumwangalia mtoto," akasema.

Akafungua mlango wa bafuni bila kubisha. Binti aliinua kichwa, macho yana maji, mashavu yamechoka kwa kucheka, mdomo una alama ya mviringo ya bomba. Wakatazamana. Binti akasogea, akampa mama yake nusu ya ndoo aliyoikalia.

Mama akafunga mlango nyuma yake. Akakaa. Akakivuta kitambaa cha kichwani nyuma kidogo, akainamia sinki, akaweka mdomo. Mwanzo ilitoka hewa tu. Halafu kukohoa. Halafu kutu, ya miaka mingi, kidogokidogo.

Kule shuleni Kijiko alikuwa ameegemea sinki la mwisho lilipoanza kucheka kicheko kingine. Kilikuwa kizito zaidi, cha mtu mzima, kinaanza na kusimama, kinaanza tena, na kilipofika mwisho kikakoroma.

Kijiko akasimama wima, akavuta sketi yake vizuri.

"Shikamoo mama," akaliambia bomba.

"Marahaba mwanangu," bomba likasema. "Hebu ongeza huo muziki."

Sebuleni Fundi Kaza alifungua ukurasa wa michezo. Akainua kichwa, akasikiliza nyumba yake yote, chumba kwa chumba.

"Kuna kelele huko?" akauliza.

"Hapana," wakajibu wote wawili kwa pamoja. Na kweli, ndani ya nyumba hazikuwepo.